Nahau za Kiingereza zinazotaja viungo vya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu nimewaandikia watu ninaowafundisha Kiingereza jioni hapa Dodoma, na wengine wote wenye kiu hiyohiyo: wahudumu wa hoteli na migahawa, waongoza watalii wa Kondoa, vijana wa vyuo, watumishi wanaowahi daladala asubuhi kwenda Mtumba. Tangu Serikali ihamie huku wageni wameongezeka, mikutano imeongezeka, na Kiingereza kinachozungumzwa mezani si kile cha kitabuni. Maswali yanayonifikia ni yaleyale, kwa hiyo nayajibu hapa, kwa kirefu pale panapostahili.

Nimesoma Kiingereza tangu sekondari. Mbona nikikaa na wageni mengi yananipita?

Sekondari tulifundishwa Kiingereza cha kuandika. Watu wakikaa pamoja wanazungumza kingine, na sehemu kubwa ya hicho kingine ni nahau, hasa zinazotaja kichwa, macho, mikono na miguu.

Kijana mmoja ninayemfundisha hupeleka wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo, ile ya Kondoa iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Njia ya kupanda kule ni mawe na vichaka. Mama mmoja wa makamo aliketi juu ya jiwe akashusha pumzi, akasema, "My feet are killing me." Kijana aliposikia habari ya kuuawa akapiga magoti palepale, akaanza kumkagua nyayo akidhani ameumwa na nyoka. Kumbe mama alikuwa anasema miguu inamuuma kwa kutembea, basi. Kijana aliyajua maneno yote matano, moja moja. Ambalo hakuwahi kuambiwa ni kwamba yakikaa pamoja yanasema jambo jingine. Sasa hilo si kosa lake hata kidogo, ni pengo la mafundisho yetu.

Nitajuaje kuwa niliyoyasikia ni nahau?

Ukiyachukua yalivyo, hayaingii akilini. Mtu mzima mwenye afya hawezi kukuambia kwa utulivu kwamba ananunua gari kwa mkono na mguu wake. Hapo usikimbilie kujibu. Mtazame usoni, sikiliza sauti, angalia mazungumzo yalikuwa juu ya nini. Kama bado giza, muulize "What do you mean?" Wenye lugha yao hawaoni vibaya kuulizwa, na wengi hufurahi kueleza. Aibu tunayojitwisha kwa kuuliza ni mzigo tusiopaswa kuubeba.

Alama nyingine ni kwamba nahau haipendi kuguswa. Anayekutania Waingereza husema "he's pulling your leg", mguu mmoja. Ukisema "legs" umeshaiharibu. Kinachobadilika ni mwenye mguu tu: wangu, wako, wake.

Na sisi tunazo za namna hii?

Tele, na ndiyo sababu sikubali mtu aniambie nahau za Kiingereza ni ngumu mno kwa Mtanzania. Anayesema fulani ana mkono wa birika hajawahi kuona mkono wa chuma. Tunaunga mkono hoja, tunapiga moyo konde, tunampa mtu kisogo, na asiyesikia ushauri tunamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akili ya kuelewa nahau unayo tangu utotoni, uwe ulilelewa kwa Kiswahili, Kigogo, Kirangi au Kinyaturu.

Zipo pia zinazokutana na zetu karibu neno kwa neno. Neno likikataa kutoka sisi tunasema liko kwenye ncha ya ulimi, nao husema "it's on the tip of my tongue". Kujitoa katika jambo sisi ni kunawa mikono, wao ni "to wash your hands of it", na wote tumechota kwa Pilato katika Mathayo 27:24. Serikali yetu ina mkono mrefu, na sheria yao ina "long arm". Hizo zichukue kwa moyo mkunjufu, hazitakuangusha.

Zipi zinafanana na zetu kwa sura lakini maana ni mbali?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo watu wenye Kiingereza kizuri wanapokwama.

Chukua macho. Mgeni mkutanoni akisema "We see eye to eye on this," Mswahili anaweza kusikia jicho kwa jicho, jino kwa jino, akajiandaa kwa ugomvi. Kumbe mgeni anasema mmekubaliana kabisa. Kisasi kile cha Kutoka 21:24 kwa Kiingereza ni "an eye for an eye". Tofauti ni vijineno vidogo tu, lakini upande mmoja kuna amani na mwingine kuna vita.

Chukua mguu. Sisi tukisema ofisi fulani inavuta miguu, maana yake inachelewesha jambo kwa makusudi. Mtu akikuambia "You're pulling my leg," hajakulaumu kwa kuchelewa, anauliza kama unamtania. Ya kuchelewesha wanayo pia, ila wao hutumia kitenzi kingine: "to drag your feet". Mwanafunzi akichanganya vitenzi hivi viwili kwenye kikao cha kazi, anaweza kumwambia bosi kuwa anafanya mzaha badala ya kumweleza kwamba mzabuni anasuasua.

Chukua mkono. Kwetu, nipe mkono ni salamu, ni pongezi, msibani ni mkono wa pole. Anayehangaika na sanduku lake kwenye ngazi za stesheni ya treni ya mwendokasi akasema "Can you give me a hand?" hataki salamu, anataka umsaidie kubeba. Halafu mshereheshaji akisema "Give them a big hand," hapo ni makofi. Kiungo ni kilekile na kitenzi ni kilekile, ila hali ni tofauti na jibu ni tofauti.

Kichwa nacho kina mtego wake. Mtaani tukisema yule ni kichwa, tumemsifu kwa akili. Mwambie Mwingereza kwamba ana "big head" utakuwa umemtukana, umemwita mwenye majivuno. Ukitaka kumsifu kwa kichwa, sema "She has a good head on her shoulders." Hiyo inamsifu mtu mwenye busara na utulivu.

Na moyo ndio wenye mtego mkubwa. Sisi tukiwa na hofu kubwa tunasema roho mkononi. Kiingereza kina nahau inayoweka moyo kwenye mkono wa shati, "to wear your heart on your sleeve", na wanafunzi wengi huidaka kwa furaha wakidhani ni ileile. Siyo. Hiyo ni ya mtu asiyeficha hisia zake, akipenda utamwona, akinuna utamwona. Yetu ya roho mkononi kwa Kiingereza moyo unapanda mdomoni: "My heart was in my mouth." Basi la usiku likiyumba kwenye kona, hiyo ndiyo ya kusema.

Hizi za mguu zinanichanganya. "Put your foot" ina maana ngapi?

Inategemea mguu umewekwa wapi. "She put her foot down" ni ya mama aliyekataa katakata, hakuna mjadala tena, binti hatoki usiku. "He put his foot in it," au kama wasemavyo wengine, "in his mouth", ni ya aliyeropoka: amemuuliza mwenzake habari za mume, kumbe walishaachana. "Put your best foot forward" ni jitahidi uonekane kwa ubora wako, maneno ambayo mzazi anamwambia mwanawe anayekwenda kwenye usaili. Na "put your feet up", miguu yote miwili sasa, ni pumzika.

Sasa ona hatari yake. Mgeni wako amefika jioni kutoka Singida, vumbi limemjaa, unataka kumkaribisha apumzike. Ukimwambia "put your foot down" badala ya "put your feet up", umemwambia awe mkali. Au kama ndiye anayeendesha gari, umemwambia akanyage mafuta, kwa sababu nahau hiyo ina maana hiyo pia. Ndiyo maana nasisitiza wanafunzi wangu waishike nahau pamoja na vijineno vyake vyote, kwa kuwa humo ndimo maana ilimojificha.

"Break a leg" si kumwapiza mtu?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, na huja sana kutoka kwa watu wazima. Nawaelewa. Kwetu neno lina uzito, na mtu hamtajii mwenzake kuvunjika mguu hata kwa utani.

Hiyo ni nahau ya watu wa jukwaani. Waigizaji wengi wa Uingereza na Marekani wana imani kuwa kumtakia mwenzako heri waziwazi kabla hajapanda jukwaani kunaleta mkosi, kwa hiyo wanasema kinyume. Kutoka jukwaani imeenea hadi kwa anayekwenda kuimba, kutoa hotuba, hata kufanya mtihani. Ukiambiwa, jibu "Thank you" na utabasamu, hujaapizwa.

Ila mimi kwako nakushauri hivi: ielewe, usiitumie ovyo. Usimwambie anayepanda basi kwenda Dar es Salaam, usimwambie anayekwenda kupasuliwa, na usimwambie kabisa mzee wa Kitanzania hata kama Kiingereza chake ni cha hali ya juu. "Good luck" ipo, haina madhara.

Zilitoka wapi nahau hizi?

Kila moja na njia yake, na nyingi chanzo chake kimepotea. Ziko za Biblia. "By the skin of my teeth", yaani kuponea chupuchupu, ni ya Ayubu 19:20, na Biblia yetu ya Kiswahili nayo ina hiyo ngozi ya meno. Ziko za hadithi za Wayunani: "Achilles' heel", udhaifu mmoja wa mtu hodari, inatokana na mama aliyemtumbukiza mwanawe katika mto wa Styx ili asidhurike, akiwa amemshika kisigino, na kisigino hakikulowa. Ziko za farasi. Anayeshinda "hands down" ameshinda bila jasho, kwa kuwa mpanda farasi aliyekwisha kuwaacha wenzake mbali hulegeza hatamu na kushusha mikono.

"To turn a blind eye", kujifanya huoni, husimuliwa pamoja na kisa cha Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza. Katika vita vya Copenhagen mwaka 1801 mkubwa wake alimpa ishara ya bendera arudi nyuma. Nelson, aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, anasemekana aliweka darubini kwenye jicho hilo akasema haoni ishara yoyote, akaendelea kupigana.

Na ya kutega sikio, "lend me your ears", imejulikana sana kwa hotuba ya Antony katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1963. Nawaambia wanafunzi hivi kila mara: Rais wa nchi, kazi zimemjaa, alikaa chini kuhangaika na maneno kama haya.

Nimesikia "rule of thumb" ilitokana na sheria ya kupiga wake. Ni kweli?

Si kweli, na naomba tuache kuisambaza. Inasemwa kuwa Uingereza iliwahi kuwa na sheria iliyomruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba. Sheria hiyo haijawahi kuwapo. Mwaka 1782 kulienea uvumi kuwa jaji Francis Buller alitoa kauli ya namna hiyo, wachora vibonzo wakamchora akiuza fimbo, lakini hukumu yenyewe haikuonekana. Nahau ilikuwa inatumika tangu karne ya 17, kwa maana ya kukadiria kwa uzoefu badala ya kipimo kamili.

Mwanamke kupigwa ni jambo zito, lina ushahidi wake wa kweli wa kutosha, halihitaji kutiliwa nguvu na hadithi ya kubuni. Na kipimo cha kidole hakipaswi kumshangaza mtu wa huku. Bibi zetu wamepima kwa shibiri na dhiraa, na hadi leo fundi ujenzi mzoefu anakadiria maji ya zege kwa jicho.

Waingereza na Wamarekani wanatumia zilezile?

Nyingi ni zilezile. Tofauti ni ndogo: asiye na mkono mwepesi wa kazi, kila anachoshika kinaanguka, Mmarekani husema ni "all thumbs", Mwingereza "all fingers and thumbs". Usijisumbue sana na hili.

Naweza kuzitumia kwenye barua ya kazi, usaili au mtihani?

Barua ya kazi, hapana. Ripoti ya ofisi, hapana. Insha ya mtihani, labda moja kama swali ni la kusimulia kisa na una uhakika nayo herufi kwa herufi.

Usaili ni pagumu zaidi kwa sababu ni mazungumzo, na mtu anatamani kuonyesha kuwa Kiingereza kimemkaa. Binti mmoja aliulizwa angejiandaaje kupokea ugeni mkubwa, akajibu "I'll play it by ear." Alikuwa ameipenda nahau hiyo kwa sauti yake. Lakini maana yake ni kwamba hatajiandaa, atakwenda akiangalia mambo yanavyokuja. Waliokuwa mbele yake walitazamana. Alikuwa mchapakazi, najua, na jibu lake lilimwonyesha mvivu. Kwenye usaili sema maneno ya wazi: "I will make a plan."

Mambo yanabadilika mkishaajiriwa na mkazoeana. Chai ya saa nne, mwenzako wa mradi analalamika bei ya pango la nyumba huku, ukamjibu "It costs an arm and a leg," yaani ni ghali mno, hapo umesema kama wasemavyo wao.

Zipi nijihadhari nazo?

"A pain in the neck" ni mtu au jambo la kukera. Ni ya watu wanaozoeana, usimwite mteja hivyo hata akiwa hayupo. Ina ndugu zake zinazoteremka kutoka shingoni hadi makalioni, na hizo ni za matusi, ziache kabisa hata ukizisikia kila dakika kwenye filamu. "Get off my back" ni ukali, maana yake niondokee. "Don't give me any lip" ni ya mkubwa kumkemea mdogo anayejibujibu, ukimwambia aliyekuzidi umri umeharibu.

Kuna pia zinazotaja upofu na uziwi. "It fell on deaf ears" maana yake ombi halikusikilizwa. Wapo Waingereza wanaoendelea kuzitumia na wapo walioacha kwa kuwajali wenye ulemavu. Mimi nimewachagua hao walioacha. Sema "Nobody listened," mambo yanaeleweka na hakuna aliyeumizwa.

Bwana harusi mwenye "cold feet" anaumwa?

Haumwi. Ameingiwa na woga dakika za mwisho, anataka kughairi. Hutumika kwa harusi, kwa mkataba, kwa jambo lolote kubwa ambalo mtu alikwisha kulikubali. Usimletee soksi.

Nianze na zipi, na nitazishikaje?

Anza na zile utakazozisikia wiki hii. Kama unahudumia wageni, "my feet are killing me", "give me a hand", na "keep an eye on my bag", yaani niangalizie begi, zinakutosha mwezi mzima. Kama uko ofisini, ongeza "I'm all ears", nakusikiliza kwa makini, na "off the top of my head", ambayo mtu huisema akitoa jibu la haraka bila kupekua makabrasha. Hiyo ya mwisho ni muhimu mno: bosi akikupa takwimu "off the top of my head", usiiandike kwenye ripoti kabla hujaihakiki.

Tenga daftari dogo. Usiandike nahau na tafsiri yake pembeni kama orodha ya msamiati, haitakaa. Andika nani aliisema, kwa nani, kulikuwa na nini. Kisha tunga sentensi moja ya maisha yako: bei ya nyanya Majengo kiangazi, mtihani wa chuo ulioponea kwa alama moja, shemeji asiyeweza kutunza siri ambaye Waingereza wangemwita "a big mouth". Isome kwa sauti siku tatu mfululizo. Halafu subiri uisikie kwa mwenye lugha kabla hujaitumia wewe. Wenye haraka huniona mwalimu mzito kwa hili, lakini sitalegeza.

Mwanangu yuko darasa la tano. Nimfundishe?

Mwache kwanza ajue "hand" ni mkono. Akiuliza, mweleze.

Mgeni wangu naye anataka za Kiswahili. Nimpe zipi?

Mpe kuunga mkono, ataisikia kila siku kwenye taarifa za Bunge. Mpe kupiga moyo konde. Ya mkono wa birika mpe mkiwa mnakunywa chai, umwonyeshe birika lenyewe, na umweleze mapema kuwa haisemwi mbele ya mwenye nyumba.